Nyimbo 412 zimegeuka kijivu njiani kwenda Lubumbashi. Nihamie programu gani ya muziki?

#1 Mzigo wa Kusini

Wakuu salaam, niende moja kwa moja.

Mimi ni dereva wa semi, Dar–Lubumbashi. Safari moja inaweza kula wiki tatu, hata mwezi, kutegemea foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kwa hiyo muziki kwangu si anasa, ndio unaonizuia nisisinzie. Kabla ya kutoka niliunga bando la usiku nikiwa yadi, nikashusha nyimbo 412 kwenye programu moja ya kulipia kwa mwezi. Jina sitaji, nisije nikaambiwa natumwa. Nikazipanga vizuri kabisa: taarabu za alfajiri, dansi la zamani la mchana, singeli za kupandia mlima Kitonga.

Mpaka Tunduma shwari. Nikavuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, nikalala Mpika. Asubuhi naondoka kuelekea Serenje, nagusa simu: orodha nzima imekuwa kijivu. Majina unayaona, ukibonyeza halichezi hata moja. Mtandao wenyewe hakuna. Kilomita zaidi ya 200 namsikiliza utingo wangu akiimba.

Maswali mawili. Nini kimetokea? Na kati ya Spotify, Boomplay, Audiomack, Apple Music, YouTube Music na Mdundo, ipi inamfaa mtu wa njiani mwenye bando la baba wa watoto wanne?

Nawasilisha.

#2 Chumvi Nyingi

Utingo anaimbaje? Tuanzie hapo kwanza.

#3 Kamanda wa Bando

Pole mkuu. Hilo ni jambo la siku 30. Nyimbo unazoshusha kwenye hizi programu si mali yako, umekodishiwa. Spotify kwa mfano wanataka simu iguse mtandao angalau mara moja ndani ya siku 30, wahakikishe bado unalipa. Isipogusa, nyimbo zinafungwa. Nyingine nazo zina masharti ya aina hiyo hiyo. Wewe umekaa porini muda mrefu, wamekufungia. Kesi imeisha.

#4 fundi_redio

Kesi haijaisha, Kamanda. Soma uzi. Jamaa alishushia yadi, akapita Tunduma kwenye mtandao wa kutosha. Dar mpaka Mpika hata ukienda kwa mwendo wa kobe hupigi siku 30. Labda atuambie ilikuwa siku ya ngapi.

#5 Mzigo wa Kusini

Siku ya 11. Na Tunduma nililala usiku mbili na mtandao upo, nilikuwa naongea na familia kwa video.

#6 Nyuki wa Tabora

Mimi nasema ni laini. Ulipovuka uliweka laini ya Zambia, si ndiyo? Programu ikaona nchi nyingine ikashtuka. Haki za nyimbo zinauzwa kwa nchi. Wimbo unaweza kuruhusiwa Tanzania na Zambia ukawa haupo. Tena ukikaa nje ya nchi yako zaidi ya siku 14 akaunti inasimama kabisa.

#7 fundi_redio

Hizo siku 14 ni za Spotify kwa akaunti ya bure. Aliyelipia hahusiki nazo. Ila hoja ya haki kwa nchi ina uzito. Mkuu Mzigo, laini ulibadilisha?

#8 Mzigo wa Kusini

Nilibadilisha Nakonde, ndiyo. Lakini nyimbo zilicheza Nakonde mpaka Mpika na laini hiyo hiyo. Na nyimbo 412 zote ziwe hazina ruhusa Zambia? Hata za Wazambia wenyewe?

Kuna lingine nimekumbuka. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Simu ilijibadilisha saa yenyewe, utingo akairudisha saa ya Bongo kwa mkono kwa sababu alarm zilikuwa zinamvuruga. Hiyo inaweza kuwa sababu?

#9 Kamanda wa Bando

Hapo sasa! Programu inayohesabu siku za leseni ikiona saa imechezewa inaweza kudhani unataka kuidanganya. Utingo ndiye mharibifu.

#10 Chumvi Nyingi

Anaimba vibaya na anaharibu saa. Mkuu, huyu kijana umemtoa wapi?

#11 Jirani wa Rongai

Wabongo mnapenda uchunguzi jameni, mtu ameuliza programu mnamletea CID 😂

Ndugu dereva, tumia Mdundo. Ilianzia hapa kwetu Nairobi. Unashusha MP3 yenyewe, faili halisi, unaiweka kwa flashi, flashi unaichomeka kwa redio ya lori, kwisha. Hakuna kijivu, hakuna leseni, hakuna kuuliza mtu. Bei yake ni kusikiliza tangazo limebandikwa mwanzo wa wimbo. Na mixi za madijei ziko tele, moja inakutoa Mpika hadi Serenje bila kugusa simu.

#12 Nyuki wa Tabora

Mdundo si ya Wanaijeria?

#13 Jirani wa Rongai

Wacha! Ilianza Nairobi, na hisa zake ziliorodheshwa soko la Copenhagen mwaka 2020. Wewe unachanganya na Boomplay, ambayo ndiyo iliyoanzia Nigeria 2015. Na hata hiyo wenyewe ni Wachina, Transsion wenye Tecno, Infinix na itel, pamoja na NetEase. Ndiyo maana ukinunua Tecno unaikuta imeshakaa ndani inakungoja.

#14 Binti Makorora

Kweli kabisa hilo la Tecno. Mama yangu anaamini Boomplay ni sehemu ya simu, kama tochi. Siku nilipomnunulia simu ya kampuni nyingine akaniuliza mbona hii haina redio ya nyimbo, nimeuziwa mbovu.

Mimi niko Tanga, natumia Audiomack ya bure. Unashusha ndani ya programu bila kulipa (kuna kikomo kwa baadhi ya nyimbo), matangazo yapo lakini yanavumilika, na singeli mpya zinawahi kufika huko. Wasanii wanajipakilia wenyewe, hawasubiri mtu. Ubaya ni huo huo: ukitafuta wimbo mmoja unakuta umepakiwa mara sita na watu sita, mmoja ameukata katikati, mwingine ameweka jina lake.

#15 Nyuki wa Tabora

Tuseme ukweli kuhusu bando jamani. Spotify inakula GB nzima kwa saa. Niliijaribu wiki moja nikarudi kwenye memori kadi yangu.

#16 fundi_redio

Nyuki, hesabu haikubali. Kachukue kikokotoo.

Muziki wa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde: zidisha kwa sekunde 3,600, gawa kwa 8 upate kilobaiti. Unapata 72,000, yaani kama MB 72 kwa saa. Kiwango cha 96 ni MB 43. Kiwango cha 320 cha Spotify ya kulipia ni MB 144. Na kipo cha chini kabisa, 24, ambacho hakifiki hata MB 11 kwa saa. Kinasikika kama mtu anaimba ndani ya ndoo, lakini kipo. Ili ufike GB kwa saa ulikuwa unaangalia video, au kuna programu nyingine ilikuwa inajisasisha nyuma ya mgongo wako.

Mkuu Mzigo, ingia kwenye mipangilio ya programu yoyote utakayochagua, tafuta ubora wa sauti, tenganisha wa kusikiliza hewani na wa kushusha. Hewani weka chini, kushusha weka juu ukiwa na bando la usiku. Watu wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo maisha yao yote.

#17 Nyuki wa Tabora

Sawa mwalimu. Nakiri nilikuwa nasikilizia YouTube nikidhani ni kitu kimoja.

#18 Binti Makorora

😂😂 Tabora mna asali tamu lakini.

Kuna video ya wimbo nilikuwa naiweka jikoni, picha yenyewe ni jalada la albamu tu limesimama dakika tano. Halibadiliki! Bado unalipia bando la video. Ukitaka YouTube basi shusha ubora wa picha mpaka mwisho.

#19 Sikio la Tatu

Naona mnajadili bei ya bando hakuna anayejadili SAUTI. Apple Music tangu 2021 wanatoa muziki usiopunguzwa hata chembe, kwa bei ile ile. Spotify walichelewa mno, wameanza kuleta wa aina hiyo mwaka 2025. Ukishasikia gita la solo la bendi ya Sikinde kwa kiwango hicho huwezi kurudi kwenye hizo ndoo za fundi. Na siyo lazima uwe na iPhone, programu ya Android ipo tangu 2015.

#20 fundi_redio

Unasikilizia nini, mkuu?

#21 Sikio la Tatu

Hedifoni za Bluetooth, nzuri tu.

#22 fundi_redio

Basi husikii hicho unacholipia. Bluetooth ya kawaida inaubana muziki upya kabla haujafika sikioni, Apple wenyewe wanasema hivyo. Unahitaji waya. Na nafasi je? Kwa makadirio yao Apple, GB 10 zinabeba nyimbo kama 3,000 za ubora wa kawaida, 1,000 za usiopunguzwa, na 200 tu za ule wa juu kabisa. Dereva aweke nyimbo 200 halafu azisikilize juu ya injini ya semi kwenye Kitonga, gia ya pili?

Halafu hilo gita la Sikinde lilirekodiwa studio ya Radio Tanzania kwenye utepe miaka hiyo. Kama kilichopakiwa kimetolewa kwenye kaseti ya mtu, utasikia kila chembe ya mkwaruzo wa kaseti.

#23 Sikio la Tatu

Mkwaruzo nao ni muziki. Sibishani na mafundi.

#24 Kanda ya Chuma

Vijana shikamooni kwa pamoja maana sijui nani mkubwa humu. Mmegusa palipo na kidonda.

Nina kanda za kaseti 61 ndani ya mkebe wa biskuti, juu nimefunga na mpira wa baiskeli. Mwanangu akaniwekea hizi programu, akasema baba tupa makopo, kila kitu kipo humu. Nikamwambia nitafutie Msondo. Zikaja nyimbo tano. Nikamwambia hiyo bendi ilikuwa NUTA Jazz tangu 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndipo Msondo Ngoma. Bendi moja! Tukaandika kila jina, kila jina likaleta vinyimbo vyake vichache, vingine mara mbili, kimoja kimeandikwa jina la bendi nyingine kabisa. Mtambo hauwezi kujua kuwa Chama cha Wafanyakazi kilibadilika jina ndipo na bendi ikabadilika.

Wakati ule hatukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ilikwenda Radio Tanzania kurekodi, utepe ukabaki pale, kampuni za Nairobi ndizo zilizofyatua santuri. Kwa hiyo sauti ya nchi hii nusu iko kwenye rafu za redio ya taifa, nusu iko Kenya, na iliyomo kwenye simu zenu ni ile aliyoiokota mtu akaipakia. Marehemu Mbaraka Mwinshehe alitutoka Januari 1979, huyo mnampata angalau kwa sababu santuri zake zilitapakaa. Wengi wengine hamwapati ng'o.

Sasa huyo dereva, kama dansi la zamani ndilo linalomwamsha, asiniulize programu. Aje na flashi.

#25 Mzigo wa Kusini

Shikamoo mzee. Flashi ninayo ya GB 32. Uko wapi nikupitie nikirudi?

#26 Kanda ya Chuma

Marahaba. Morogoro, utanipita ukitaka usitake. Nitakutumia ujumbe wa faragha.

#27 Jirani wa Rongai

Mzee amesema nusu iko Kenya. Nimesikia, nitazilinda 😂

Serious kidogo: Spotify ilipoingia kwetu Februari 2021 pamoja na Bongo na Uganda, kifurushi cha mtu mmoja kilikuwa shilingi 299 za huku kwa mwezi. Tukajipanga sita kwa kifurushi cha familia, kila mtu anatoa chake. Mwezi wa tatu mmoja akasema atatoa kesho. Mwezi wa nne wawili wakasema kesho. Ikabaki mimi na dadangu. Kwa sheria zao familia yenyewe inatakiwa iwe ya nyumba moja, so hata kulalamika sikuweza.

#28 Kijana wa Studio

Nimesoma uzi wote hakuna aliyemtaja anayeimba. Mimi natengeneza singeli, nipo Tandale.

Mnapochagua programu mnachagua pia nani alipwe. Spotify tangu 2024 wimbo usipofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kwenye malipo kabisa. Na usikilizaji wenyewe unahesabiwa baada ya sekunde 30. Ndiyo maana sasa kiitikio tunakileta mbele mapema, mkiona nyimbo hazina salamu tena mjue kuna sekunde 30 zinatukimbiza.

Halafu msidhani hela yako inakwenda kwa unayemsikiliza. Zinatupwa kwenye chungu kimoja, zinagawanywa kwa jumla ya waliosikilizwa. Wewe hata ukisikiliza mimi tu mwezi mzima, sehemu kubwa inakwenda kwa wakubwa wa dunia.

#29 Kamanda wa Bando

Si wote. SoundCloud walianza 2021 mfumo ambao hela ya msikilizaji inafuata aliowasikiliza.

#30 Kijana wa Studio

Kweli, kwa wasanii waliojiunga nao. Lakini niambie ni nani hapa Tandale anasikiliza singeli SoundCloud. Wateja wangu wako kwenye memori kadi. Kuna kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na kituo cha daladala, jamaa ana laptopu imepasuka kioo, anakuwekea nyimbo zangu bila kunilipa senti. Na ndiye aliyenifanya nijulikane. Nimchukie au nimshukuru? Juzi alinipa soda.

#31 Chumvi Nyingi

Soda moja kwa kusikilizwa mara ngapi? Ingia naye mkataba.

#32 Mswahili wa Ruwi

Nawasalimu kutoka Maskati. Nikubaliane kidogo na Nyuki kuhusu nchi. Akaunti yangu niliifungulia Unguja, kadi yangu ya benki ni ya huku. Nilipotaka kulipia, kadi ikakataliwa mpaka nilipobadilisha nchi ya akaunti. Nilipobadilisha, baadhi ya taarabu nilizokuwa nimezihifadhi zikawa kijivu kama za dereva. Si zote, kama robo hivi.

Na kila programu ninayoifungua huku nikiandika taarabu, inaniletea tarab ya Kiarabu: Umm Kulthum, saa nzima. Namheshimu bibi yule, lakini mimi nilikuwa namtaka Bi Kidude nikiwa nakaanga sambusa.

#33 Binti Makorora

Ruwi 😂 tarab ndiyo mama, taarabu ndiyo mtoto. Amekuletea mkwe.

#34 Nyuki wa Tabora

Asante Ruwi. Mwalimu fundi, umeona? Kijivu. Nchi. Nilisema.

#35 fundi_redio

Robo, Nyuki. Robo. Dereva zilikufa zote kwa mpigo. Mimi naanza kuwaza upande wa malipo. Mkuu Mzigo, unalipia vipi?

#36 Mzigo wa Kusini

Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, naiwekea hela wakati wa kulipia. Siku ya kukatwa ni tarehe 14.

Na Mpika nililala tarehe 14.

#37 Kamanda wa Bando

😳

#38 fundi_redio

Kadi ilikuwa na salio?

#39 Mzigo wa Kusini

Nadhani lilikuwepo. Wife ndiye huwa ananiwekea. Nimempigia, anasema aliweka. Nimemuuliza aliweka lini, ananiuliza kwani namwona yeye mwizi. Hapo nimeacha.

#40 Chumvi Nyingi

Uamuzi wa busara. Msingizie utingo.

#41 Binti Makorora

Mbona hamjauliza kuhusu nafasi ya simu? Dada yangu ana ile programu ya kusafisha simu, kila ikijaa inafuta yenyewe. Ilifuta nyimbo zake zote, majina yakabaki. Ni kijivu vile vile. Simu za bei zetu zinakuja na msafishaji ndani.

#42 Mzigo wa Kusini

Wakuu nimerudi, niko Tunduma upande wetu. Niwape mrejesho.

Kasumbalesa nilikaa siku sita. Lubumbashi nikapakua mzigo, nikanunua flashi nyingine kwa kijana mmoja sokoni, tukaelewana kwa Kiswahili chake na changu. Amenijazia rumba na gita za zamani za Katanga, kuna mpiga gita wa huko Mwenda wa Bayeke humo, mzee wa Morogoro nitakuletea unakili. Pia nimeweka Mdundo kama alivyosema Jirani, mixi mbili nimeshushia Kapiri Mposhi. Tangazo la sabuni nimelisikia mpaka utingo ameligeuza wimbo.

Sasa kioja. Jana usiku nimevuka, nimerudisha laini ya nyumbani, mke ameweka hela (tena), saa ya simu nimeiachia ijipange yenyewe, na nimefuta video za watoto kupata nafasi. Yote kwa mpigo. Asubuhi nafungua ile programu: nyimbo zimerudi, zinacheza.

#43 fundi_redio

Mkuu!! Ungefanya kimoja kimoja tujue ni kipi!

#44 Kamanda wa Bando

Saa.

#45 Nyuki wa Tabora

Laini.

#46 Binti Makorora

Nafasi, msinibishie.

#47 Mzigo wa Kusini

Zimerudi 409. Tatu bado kijivu.

#48 Kanda ya Chuma

Zipi hizo?

#49 Mzigo wa Kusini

Zote tatu za Orchestra Maquis, mzee.

#50 Kanda ya Chuma

Watu wa Kamina, Kongo, hao, walikuja Dar miaka ya 70 kwa njia ya huko huko unakotoka. Ninazo, mkebe wa biskuti, upande wa kushoto. Ukifika Mikumi nipigie nianze kuzirudisha nyuma kwa kalamu.